Glenys Aliyepiga Picha za Machweo Bila Kuyaona

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Glenys Schirmer wa hapa Port Lincoln, aliyetutoka Jumanne iliyopita. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Alikuwa na miaka sitini na sita. Glenys, mpiga picha. Glenys, ambaye kwa miaka mitano alipiga picha za machweo bila kuyaona.

Wengi wenu mlimjua kiwandani, kwenye meza ya kukata jodari. Sisi wengine tulimjua kwa Pasaka. Kila Pasaka tulikwenda pwani karibu na Elliston, watu sita na mbao zetu za mawimbi. Mchana tulipanda mawimbi. Jua likishazama, sisi tunataka soseji na bia, yeye anatuamuru turudi majini.

"Simameni kama nguzo," anasema. "Sekunde thelathini. Atakayetikisika, namfuta."

Na alikufuta kweli. Kamera yake ilibaki wazi nusu dakika nzima, ikikusanya mwanga. Aliyetulia alitokea. Aliyejikuna alibaki kama moshi. Mmoja wetu alizungusha tochi pembeni mwa ubao, na pichani ubao ukawaka. Miguu imekufa ganzi, tunawaza papa. Glenys hakuwaza papa hata kidogo, maana yeye alisimama nchi kavu.

Basi mwaka 2019 tukasimama majini mara kumi na moja. Tukatoka tukitetemeka, tukazitazama picha. Zote kumi na moja zilikuwa za choo cha kambi. Choo cha mabati, anga limekipaka rangi ya waridi, kimependeza ajabu.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Glenys alicheka pia, kisha akakaa mchangani. Akamwambia mdogo wake, Trev, "Sikukiona. Giza likianza tu, sioni kitu."

Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alishamwambia: utaanza kupoteza jioni, halafu mchana. Jioni kwanza, mchana baadaye. Alituficha miaka miwili. Aliogopa tutamwonea huruma, na kamera itabaki kabatini.

Trev akawa mkali. "Dada, acha hii kazi. Utajikwaa kwenye mwamba uvunje shingo."

"Basi kuwa macho yangu."

"Mimi najua nini? Mimi fundi bomba."

Kuanzia siku ile Glenys alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu saa sita mchana, wakati bado anaona. Alihesabu hatua, akapigilia vigingi pale tutakaposimama. Jioni alikaa na kidole kwenye kitufe, akimhoji Trev.

"Anga lina rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ya nini? Ya ovaroli yako, au ya gamba la kome?"

Trev akakuna kichwa. "Ya kome. Kule ndani. Na huku chini... kama chai iliyotiwa maziwa kidogo."

"Bado," akasema Glenys. "Ngoja hiyo chai ipoe."

Nawaambia, nilisahau baridi. Huyu ni Trev, mtu ambaye miaka arobaini sikumsikia akizungumzia kitu zaidi ya mabomba. Picha ya jioni ile ndiyo ile iliyotundikwa maktaba, mnayoipita mkirudisha vitabu. Ni nzuri kuliko zote alizopiga akiona. Nasema hivyo bila upendeleo, ingawa ule moshi wa kushoto ni mimi.

Pasaka iliyopita mchana nao ulikuwa umemwishia. Trev alifunga kamera mwenyewe, akapigilia vigingi mwenyewe. Glenys alisikiliza, akabonyeza. Kisha akauliza picha imetokaje. Trev akamsimulia picha ile moja kwa dakika ishirini, soseji zikaungua. Hakuna aliyemkatiza.

Kwa Trev na ukoo mzima wa Schirmer, poleni sana. Tumempenda Glenys, na alale pema.

Jana Trev alinipigia simu. Alisema, "Kila jioni bado natoka nje. Naliangalia anga, nalitafutia maneno. Nikishayapata, sina wa kumwambia."

Wasikilizaji wapendwa, leo jua likizama, tokeni nje. Aliye kando yako, msimulie unachokiona, polepole, mpaka naye akione. Na wewe uliye peke yako, piga simu hapa studio. Nitakuunganisha na Trev.