Mama Mikogo na Nafasi Yake Katika Karne Ijayo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mama Mikogo ametutoka. Narudia: Mama Mikogo, mwigizaji, ametutoka Ijumaa akiwa na miaka sabini na mmoja. Jina hilo alijipachika mwenyewe. Polio ilimlemaza mguu wa kushoto akiwa na miaka minne, akatembea kwa gongo maisha yake yote, na bado akiingia ukumbini ungedhani ukumbi ni wake.

Mchana alikuwa karani wa simu katika kampuni ya bima. Jioni alikuwa jukwaani. Miaka kumi na mmoja aliomba nafasi kwenye filamu, akawa anajibiwa kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi. Hatimaye akaitwa. Ilikuwa filamu ya vichekesho: makarani wawili wanapanda lifti mbovu ya ofisini, na badala ya kuwapeleka ghorofani, inawapeleka karne nyingine.

Alipewa sehemu mbili. Karne zilizopita, ombaomba. Karne ijayo anaponywa kwa mashine, anatupa gongo, anakimbia. Na huko kukimbia angekimbia mwanamke mwingine, akipigwa picha kwa nyuma.

Mdogo wake, fundi cherehani, alinisimulia juzi. "Dada alirudi na zile karatasi za filamu, hakula. Akasema, zamani wamenifanya ombaomba, mbele wamenifuta kabisa. Sasa mimi niishi karne gani?"

Swali hilo alimpelekea mwongozaji. Akajibiwa afuate maandishi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Miaka kumi na mmoja ya kungoja, wasikilizaji. Mimi ningefyata mkia.

Siku ikafika. Kamera ikawashwa. Mama Mikogo akatoka kwenye mashine, akatupa gongo kama alivyoagizwa. Hapo alitakiwa ampishe yule wa kukimbia. Lakini mwongozaji yule alikuwa na sheria moja: kamera haizimwi mpaka aseme yeye. Naye wakati huo alikuwa ameinama, anatafuta miwani yake chini ya kiti.

Mama Mikogo akasimama kwa mguu mmoja, akamgeukia mchekeshaji mkuu, staa mwenyewe. "Niokotee hilo gongo. Lifti hii naiendesha mimi, na tumechelewa karne mbili."

Staa akaokota bila kufikiri. Akalifuta vumbi kwa tai yake. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Watu wakaangua kicheko, mwongozaji naye akacheka mpaka machozi. Kipande kile hakikukatwa. Sehemu yake ikaandikwa upya: fundi mkuu wa karne ijayo, na gongo lake mkononi.

Sentensi mbili tu! Nikizikumbuka, mwili unanisisimka hadi leo.

Kwa mume wake, watoto wake na mdogo wake, tunawapa pole kutoka moyoni. Mmetuazima mtu mkubwa. Nasi tuliobaki, tukiwaza dunia watakayoishi wajukuu zetu, tutazame vizuri ni nani tumemwacha nje.

Filamu ilipotoka, barua zilimiminika. Mdogo wake alinisomea moja, ya mwalimu wa miaka hamsini anayetumia kiti cha magurudumu. Ilikuwa fupi. "Walipofika karne ijayo nilikaa nikingoja kuona watu kama mimi tumepotelea wapi. Kumbe tumefika."