Nafasi ya Mtu Mmoja Dawatini

Benchi letu liko kati ya ukuta wa shule na gereji. Mimi nauza kahawa hapo, na masikio hayana mlango. Alasiri ile walikuwepo Spana wa gereji, Profesa ambaye kidato cha pili kilimshinda, na Mzee Kimya, ambaye hanyamazi. Walibishania darasa la binti yangu. Mwenzake wa dawati alifariki kwa homa. Jina la marehemu limefutwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini zamu yake ikifika, darasa zima huitikia: "Yupo."

— Kosa ni la somo jipya, alianza Mzee Kimya. Zamani kulikuwa na kipindi cha dini. Shehe anachukua wake, padri wake, kila mtoto anatoka na jibu.

— Na wasio wa shehe wala padri walifagia uwanja, akasema Profesa. Sasa wote wanasoma Mitazamo ya Maisha. Wengine huamini hivi, wengine vile. Hakuna anayebaguliwa.

— Sawa, msomi, akasema Mzee Kimya. Watoto walipouliza mwenzao yuko wapi, mwalimu alijibu nini?

— Kwamba kila mtu ana mtazamo wake.

— Wakapiga kura, nikasema. Ikapita kwamba yupo darasani.

— Si vibaya, akasema Spana. Umoja ni nguvu.

— Umoja wa kumzuia marehemu? akauliza Mzee Kimya.

— Mie nasema tu. Kuna gari la ajali pale gereji. Kengele ya shule ikilia, mlango wa nyuma unafunguka wenyewe.

— Hiyo bawaba, ndugu yangu, akasema Profesa.

— Nimeshaibadilisha.

Profesa akatazama kikombe chake.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Mzee Kimya. Apewe kazi, atachoka, ataondoka.

— Ana miaka tisa, mzee, nikasema.

Sikuwaambia kwamba binti yangu siku hizi analala ukingoni mwa kitanda. Ninayetandika ni mimi. Upande wa ukutani, shuka huwa limekunjamana.

Kengele ikalia. Hakuna aliyegeukia gereji.

Binti yangu akaja na mkoba wake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akaketi mwisho wa benchi, akaacha nafasi kati yake na Spana. Spana naye akasogea, akaiongeza.

— Mama, amechoka kukaa na sisi. Nimwambie aende wapi? akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamtazama Profesa, kisha Mzee Kimya.

Siku hiyo alinyamaza.