Gauni la Mtoto wa Fundi Cherehani

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti hii iliyokuwa ikiwakaribisha watu hadi viti vya nyuma sasa haifiki hata mlangoni. Jumba la maonyesho ni lenu wote wawili, msiligawe. Funguo atakaa nazo binti yangu, kwa sababu kaka yake miwani iko kichwani naye anaitafuta nyumba nzima.

Kazi yangu mnaijua. Sikuigiza wala sikuongoza, nilibisha hodi. Nilikaa majikoni mwa watu nikasikiliza, kisha nikawapelekea waigizaji yale tu niliyoruhusiwa kuyasema, na kabla ya umma kuingia, mwenye habari alionyeshwa kwanza, peke yake, na akisema hapana, basi, mchezo umekufa. Ndiyo maana mtaa ulikuwa unajaa kwetu.

Mwanangu, wewe kaka mtu, nilipolazwa mara ya kwanza ulijitwalia kazi hiyo. Fundi cherehani akakuazima gauni la mtoto wake, yule aliyekufa bweni lilipoungua, ili mwigizaji ashonewe mfano wake. Wewe ukamvisha lilelile. Mama wa watu akakata tiketi kama wengine, akakaa, akaliona gauni linatembea, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Tangu hapo cherehani yake imenyamaza, na mtaa haujakanyaga kwetu. Mnalalamika kwamba watu hawapendi tena maigizo. Wanayapenda. Sisi ndio wasiotutaka, na hilo linaniuma kuliko huu ugonjwa.

Basi sikilizeni. Gauni limo sandukuni, chini ya jukwaa. Msilifue, jasho la mwigizaji limeshaingia, mwacheni mwenyewe aamue. Mpelekeeni wote wawili. Akiwatukana, pokeeni. Asipofungua, rudini kesho, na keshokutwa. Msimwombe habari nyingine, wala msimwalike popote.

Nipeni maji... Inatosha.

Na wewe, mwanangu, nimekuona. Tangu juzi unavitazama vidole vyangu vinavyokamata shuka, na midomo yako inafuatisha ninavyohema. Naijua kazi hiyo ya kumchukua mtu umpeleke jukwaani, mimi ndiye niliyekufundisha. Leo mwenye habari ni mimi, na hujabisha hodi.

Mungu awafunike, wanangu. Kila mlango mtakaougonga, mfunguliwe... Pumzi inakata. Niulize, mwanangu. Niulize sasa, ningali naweza kukataa.