Kaptula Haikuchanika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wamejibu wa mbele tu. Bwana asifiwe na kule nyuma karibu na mlango! Haya, sasa tumeelewana.

Nashukuru kupewa nafasi hii. Katekista ameniomba niwe mfupi na nimemwahidi. Yeye ananifahamu, ndiyo maana amevuta kiti akakaa. Ushuhuda huu nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi ni msomi. Mnajua nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na mvi, nikibanana dawati moja na watu wanaoniita babu, na tangu nilipopewa cheti sijaona karatasi tupu nikaiacha salama.

Nilipokuwa natoka kwenye benchi kuja hapa mbele, nimewaona. Msidhani sikuwaona! Baadhi yenu mmepeleka mkono nyuma ya suruali, mkachekea tumboni. Chekeni, leo ruksa. Ila tunao wageni kutoka Mugoma na Nyakisasa ambao hawajui maana ya mkono ule, kwa hiyo itabidi nianzie mbali.

Ndugu zangu, mimi Gervas nilikuwa kipa wa Ngara. Si kipa wa kawaida! Waliniita Komeo. Nikisimama golini, hata upepo uliomba ruhusa kupita. Nilikuwa narukia mpira kwenye uwanja wa changarawe kana kwamba pametandikwa godoro, nikitua nanyanyuka, napangusa nyonga, nacheka. Washambuliaji wa wilaya nzima waliota ndoto mbaya, na ndani ya ndoto nilikuwepo mimi, nimeukumbatia mpira.

Ikaja fainali na Biharamulo. Kwao! Uwanja umejaa mpaka watu wamepanda juu ya malori. Hakuna aliyefunga, mwamuzi ameshaanza kutazama saa, na mimi natafakari kombe litakaa wapi sebuleni. Mshambuliaji wao, jina lake Masumbuko, akapiga shuti la kukata tamaa kutoka mbali. Shuti gani lile! Mpira ulikuja polepole kama bibi anayetoka kuteka maji. Ningeweza kuudaka huku nakula muwa.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya goli langu, kali kama filimbi: "Wee kipa! Kaptula imechanika nyuma, wote tunakuona!"

Ndugu zangu, nilifanya ambacho kila mtu mwenye malezi angefanya. Nilipeleka mkono nyuma kuhakiki.

Kaptula ilikuwa nzima. Mpira ulikuwa wavuni.

Tulirudi Ngara usiku mzima lori zima likiwa kimya, kama tumebeba maiti, na maiti mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye gurudumu la akiba. Nilieleza habari ya yule mwanamke. Nani angeamini? Walisema nimeuza mechi. Walisema Biharamulo wamenihonga ng'ombe! Aliyeanzisha habari hiyo ni mzee Fidelis, mwenyekiti wa mashabiki, yuko benchi la pili pale, anatazama viatu vyake. Ng'ombe huyo sijawahi kumwona, lakini alinenepa kila mwaka. Alianza ndama, akawa mtamba, baadaye nikasikia kule Mabawe juu kwamba anatoa maziwa ndoo nzima na amezaa mapacha! Hata mke wangu Leokadia, mwanamke ninayemwamini kuliko macho yangu, jioni moja akiwa anamenya ndizi aliniuliza taratibu, "Baba Deo, hivi yule ng'ombe ulimwacha kwa nani?"

Jina la Komeo likafa. Nikaitwa Kaptula. Nikipita sokoni, mkono nyuma. Nikienda msibani, wafiwa wenyewe, mkono nyuma! Niliacha mpira, nikaacha hata kuutazama. Nikalima migomba yangu na kahawa yangu, nikiwachukia watu wa Biharamulo kwa bidii ambayo kama ningeitumia shambani ningekuwa tajiri.

Sasa sikilizeni shida ilivyokuja. Kule kutua kote kwenye changarawe kulikuwa kunajiandika mahali. Nyonga ya kulia ilianza kulia kama mlango wa ghala la kahawa. Nikawa nachechemea, nikashika fimbo, nikafika mahali pa kwenda chooni kwa kuegemea bega la mke wangu. Daktari aliangalia picha ya mfupa, kisha akaniangalia mimi kama fundi anayetazama baiskeli iliyookotwa mtoni. Akasema kiungo kimesagika chote. Nisipowekewa kiungo cha bandia kule Mwanza, sitasimama tena kwa miguu yangu. Alipotaja gharama, nilimwomba arudie. Aliporudia, nilimwomba asirudie tena.

Leokadia akawa ndiye analima, ndiye anavuna, ndiye anabeba, na akirudi ananibeba mimi. Nilimsikia akilia jikoni akidai ni moshi. Jikoni hapakuwa na moto.

Nikaomba, ndugu zangu. Niliomba kwa machozi! Nilisema, "Bwana, nitumie mtu yeyote anisaidie. Yeyote yule. Ila asitoke Biharamulo."

Nadhani mbinguni walicheka.

Maana siku ile ile Leokadia alikuwa Biharamulo mjini, amepeleka maharage. Akaingia duka la kanga la Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na biashara wakanogewa na hali ya hewa. Wakaanza kuongea, kama wanawake wanavyoanza na bei ya kanga wakaishia na magonjwa ya waume. Leokadia akasema, "Mume wangu alikuwa kipa wa Ngara, sasa hasimami." Bi Zuhura akaiachia kanga ikaanguka. "Komeo? Yule wa kaptula?" Akakaa juu ya robota la nguo. "Mama Deo, yule aliyepiga kelele nyuma ya goli ni mimi."

Kesho yake gari la mizigo likasimama nyumbani kwangu. Nikiwa kwenye mkeka naona mama mnene, baibui jeusi, simu kubwa mkononi, anatembea uani kwangu kama amepanga. Leokadia akanitajia ni nani. Nilikuwa nimejiapiza miaka yote kwamba nikikutana na mtu huyu nitamwambia maneno ambayo hayajawahi kuandikwa. Nikafungua kinywa. Kinywa, kwa sababu ya malezi, kikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, kipa wangu. Mbona umelala saa hizi, mechi imekwisha?"

"Kaptula haikuchanika," nikasema.

"Najua. Ilikuwa nzima na imepigwa pasi. Nilipiga kelele zile kwa kila kipa, ni wewe tu uliyeitikia." Akavuta kigoda. "Sikia, baba. Tuna grupu la mashabiki wa zamani huku mtandaoni, wako Biharamulo, wako Mwanza, wako mpaka ng'ambo. Nikuchukue video, nieleze hali yako, watu wachange ukatibiwe."

"Sitaki hela ya Biharamulo. Toka kwangu."

"Hutaki?"

"Sitaki! Bora nife nimelala."

Bi Zuhura akaangalia pembeni ya ua wangu. "Sawa. Simama basi unifukuze. Ukinifikisha pale kwenye mgomba wa kwanza, naondoka na simu yangu na sitarudi."

Ndugu zangu, ule mgomba uko karibu, kuku wangu anaufikia kwa kuruka mara moja. Nikashika ukuta. Nikanyanyuka nusu. Nyonga ikapiga kelele, mimi nikapiga kelele, na nikaenda chini. Lakini sikufika chini. Leokadia alikuwa ameshaniwekea mgongo wake, kama alivyozoea. Nikaona shingo yake ilivyokonda. Nikaona kwamba huyu mwanamke ndiye anayelipia chuki yangu, siku kwa siku, kwa mgongo wake.

Nikakaa. Nikalia kidogo, na msiniulize kidogo gani. Kisha nikamwambia Bi Zuhura, "Rekodi."

Huo ndio muujiza wa kwanza! Nyonga ilikuwa haijaguswa, lakini mimi nilishaanza kupona.

Mlidhani yule mama atalia kwenye video na kuomba radhi? Thubutu! Alijitapa! Alisimama mbele ya migomba yangu akatangaza: "Jamani Biharamulo! Lile goli la fainali hakufunga Masumbuko. Nimefunga mimi, kwa mdomo wangu! Kipa huyu hapa, hakuhongwa hata kuku. Kombe tulilichukua bure, sasa tulilipie. Anayelikumbuka goli lile na achange!"

Video ikaenda kama moto wa kiangazi. Biharamulo wakachanga wakicheka. Ikafika Ngara, na Ngara hawakucheka. Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee Fidelis.

"Gervas," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuniita jina la ubatizo. "Kumbe ng'ombe hakuwepo?"

"Hakuwepo, mzee."

Akakohoa mpaka nikadhani salio litaisha. "Sasa sikiliza. Biharamulo hawawezi kumtibu kipa wetu. Haiwezekani! Tutaitwa watu gani?"

Ikaanza mechi ambayo haijawahi kuchezwa! Ngara nao wakafungua grupu lao. Kila jioni kijana wa Bi Zuhura anatangaza kwa sauti ya redioni: "Biharamulo wanaongoza! Ngara wako nyuma, wamezidiwa kila idara!" Ngara wakisikia hivyo hawalali. Wakulima wa kahawa wakatuma, waendesha bodaboda wakatuma, kwaya hii mnayoiona ikatuma hela ya sare zao, na ndiyo maana Pasaka waliimba kila mmoja na rangi yake. Watu ambao hawajawahi kunisalimia bila mkono nyuma walitumia mkono ule ule kutuma mchango. Mimi nipo kwenye mkeka, naangalia simu, naishabikia mechi ambayo mpira wenyewe ni mimi!

Siku ya mwisho Biharamulo walikuwa mbele. Mzee Fidelis akaweka picha kwenye grupu: mtamba mwekundu, mzuri, anang'aa. Chini yake ameandika, "Kwa ajili ya Komeo. Anapigwa mnada."

Ndugu zangu, baada ya miaka yote ile, ng'ombe akapatikana!

Na aliyemnunua ni nani? Masumbuko, yule yule wa shuti la bibi, siku hizi ana bucha Biharamulo. Ugomvi ukazuka mpaka leo haujaamuliwa: mtamba ni wa Ngara, hela ni ya Biharamulo, goli ni la nani? Lakini hela zote pamoja zilitosha. Nikapelekwa Mwanza, nikafanyiwa upasuaji, nikafundishwa kutembea kama mtoto, na Leokadia akiwa ng'ambo ya chumba ananiita. Nilipomfikia, aliniambia kwa Kihangaza neno ambalo sitaliandika hapa. Niliitikia tu, "Ego," yaani ndiyo.

Namalizia, katekista, usitazame saa, unanikumbusha yule mwamuzi.

Biharamulo wakaandaa siku ya shukrani, uwanja ule ule. Ngara tukajaza malori. Wakataka shuti lile lipigwe upya: Masumbuko apige, mimi nidake. Daktari alikuwa amenikataza kuruka, hakunikataza kusimama. Nikavaa kaptula yangu ya zamani, ile ya fainali, ambayo nilikuwa nimeificha chini ya sanduku. Iliingia kwa maombi. Masumbuko naye akaja na kitambi kilichotangulia mwili, akapiga. Mpira ukaja polepole vile vile, nadhani ni wa ukoo mmoja. Nikainama kuudaka.

Nyuma ya goli, sauti ile ile, kali vile vile: "Wee kipa! Kaptula imechanika!"

Uwanja mzima ukanyoosha shingo. Na mimi, ndugu zangu, nilisikia ubaridi. Nilisikia upepo wa Biharamulo mahali ambapo upepo hauna kazi. Safari hii mama alikuwa anasema kweli tupu! Ilikuwa imepasuka kutoka mshipini mpaka chini!

Mkono ukataka kwenda nyuma. Nilihisi ukiondoka. Nikauambia, "Rudi!" Nikaudaka mpira ule kwa mikono miwili, nikaukumbatia kifuani, nikageuka na kuwapungia Ngara wote, na chupi yangu ya maua ikiwapungia Biharamulo wote. Wakasimama pande zote mbili. Wakapiga kelele: "Komeo! Komeo!" Mzee Fidelis alikuwa analia waziwazi. Bi Zuhura alikaa chini kwa kicheko, kisha akanirushia kanga nijifunge.

Ndugu zangu, Bwana alinitoa kwenye mkeka, na kabla ya hapo alinitoa kwenye aibu na chuki. Namshukuru. Nawashukuru Biharamulo, ndiyo, nimesema Biharamulo, na radi haijanipiga! Na wewe uliyekaa hapo, labda umemwomba Mungu msaada na ukamwekea masharti utoke wapi. Yaondoe, mwamini. Labda kuna jambo waliwahi kukupigia kelele, na tangu siku hiyo umeshika nyuma kuficha kitu ambacho hata hakikuchanika. Na kama kimechanika kweli, basi kimechanika! Toa huo mkono, ndugu yangu. Mpira unakuja.

Haleluya! Sasa narudi kukaa. Nitatembea mwenyewe, bila fimbo, polepole, na mgongo wangu ukiwa upande wenu. Tazameni vizuri.