Namba za Kaseti ya Mama

Mwanaasha: Haloo? Ni fundi Castory wa Mafiga?

Castory: Ndiye. Nani mwenzangu? Unakatika-katika.

Mwanaasha: Mwanaasha wa Mgeta, yule wa kaseti ya marehemu mama. Ngoja nipande huku kwenye kabichi... Sasa? Habari za kazi?

Castory: Salama, dada. Ile CD niliyohamishia kaseti imefika?

Mwanaasha: Jana, na lori la mboga. Lakini fundi, mama aliimba kaswida kumi. Redio inaonyesha ishirini na tatu.

Castory: Ishirini na—

Mwanaasha: Na tatu. Baba haoni, anabonyeza kwa kuhesabu. Kataka ya tatu, kaangukia katikati ya ya pili. Tangu asubuhi ananiita nimtafutie, na yule mzee hapendi kabisa kuomba msaada.

Castory: Aa, kosa langu. Niliiachia kompyuta iweke namba yenyewe. Ikikuta kimya inadhani wimbo umeisha.

Mwanaasha: Mama alikuwa anapumua, fundi.

Castory: [anacheka] Nisamehe. Nachoma nyingine sasa hivi, namba naweka kwa mkono. Lori linarudi huko saa ngapi?

Mwanaasha: Saa tisa. Kumi tu, eh?

Castory: Kumi, safi. Hata yale maneno ya pembeni nilishayafuta.

Mwanaasha: Maneno gani?

Castory: Kabla ya wimbo wa sita. Mtu anaongea tu, si kaswida.

Mwanaasha: Anasemaje?

Castory: Dada, hizo ni kelele za—

Mwanaasha: Castory. Anasemaje?

Castory: Subiri, kaseti nzima bado ninayo kwenye kompyuta. [mikwaruzo] Nasogeza simu kwenye spika. Unasikia?

Mwanaasha: Ni mama. Sauti naisikia, maneno yanakatika.

Castory: Nikuambie anavyosema?

Mwanaasha: Niambie.

Castory: Anasema, "Yunusi, umekula lakini?" Halafu anacheka. Yunusi ndiye nani?

Mwanaasha: Baba.

Castory: Basi nairudisha. Niiunganishe na wimbo wa sita?

Mwanaasha: Hapana. Ipe namba yake.

Castory: Sekunde tano tu hizo, dada.

Mwanaasha: Najua. Nimemkumbuka mama, nimekaa hapa kwenye tuta... Fundi, salio linaisha—

Castory: Haya, iwe namba ngapi? Niiweke mwisho, ya kumi na moja?

Mwanaasha: Ya kwanza. Abonyeze mara moja tu, asimwombe mt—

Castory: Haloo? Dada Mwanaasha? Haloo? ... Haya. Namba moja.