Msanifu Aliyepewa Biskuti

Kijiwe chetu huku kwa Wazungu kiko Kingsbury Road, karibu na kituo cha basi, kwenye benchi lililo mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine. Tunapaita kwa Winifred, kwa kuwa kibao cha shaba kilichopigiliwa kwenye benchi kinasema liliwekwa kwa kumkumbuka Winifred Joan Tapsell, aliyependa kukaa hapa. Sikupata kumfahamu, lakini si adabu kukalia benchi la mtu bila kumtaja jina. Jumamosi hiyo ya Aprili, mwaka 1999, tulikuwa wanne kama kawaida. Firoz Virani, mzaliwa wa Tanga, ana duka la sufuria mlango wa pili, na kahawa ya tangawizi tunayokunywa hutoka kwake. Yeye tunamwita Tajiri. Gervais, wa Bukavu, husafisha wodi za hospitali na hukisafisha kijiwe kwa falsafa; yeye ni Profesa. Njoroge, wa Nakuru, hukagua tiketi kwenye uwanja wa Wembley. Yeye ni Geti. Mimi ni Mzee Semboja, na wakinichoka huniita Rejista, kwa sababu sipendi jina la mtu litajwe ovyo. Siku hiyo Firoz alimimina kahawa, nusu ikaingia kikombeni, nusu ikaenda kwenye kiatu cha Njoroge.

— Tajiri! Mimi nakunywa kwa mdomo, si kwa mguu — alisema Njoroge. — Una nini leo?

— Jumatatu wanavunja ukuta.

— Nani?

— Watu wa televisheni.

Habari ya televisheni tulikuwa nayo. Binti yake Firoz alikuwa ameandikia kipindi kimoja kinachotengeneza nyumba za watu upya, mwenye nyumba hufumbwa macho, akafumbuliwa, akalia, nchi nzima ikatazama. Walikubaliwa. Wakaletewa msanifu wa majengo.

— Ukuta upi? — nilimuuliza.

— Ule kati ya jiko na sebule. Kulian, yule msanifu, anasema nyumba yangu haipumui.

— Jina lake ni Crispin Allardyce. Ulinionyesha kadi yake.

— Huyohuyo, Mzee. Kulian.

— Nyumba haipumui? — aliuliza Njoroge. — Kwani ina pua?

— Anataka jiko na sebule viwe kitu kimoja. Ukikaa kwenye kochi uone sinki. Ukiwa kwenye sinki uone kochi.

— Na mutu akiwa kwenye kochi, atafanya nini na sinki? — aliuliza Gervais.

— Hilo sijui. Anasema ni mwanga.

— Na mkeo, Bi Gulshan, anasemaje? — niliuliza.

Firoz aliweka kikombe chini.

— Anasema vumbi la ule ukuta halitatua kabla yeye hajafika kwa dada yake Neasden. Ameshafunga sanduku. Liko mlangoni, nalipita nikitoka, nalipita nikiingia. Tangu juzi nakula mkate na jemu.

— Mkate na jemu! — Njoroge alishika kichwa. — Mtu wa biriani!

— Kwani mama anakataa nini? — alisema Gervais. — Jiko kubwa ni heshima.

— Ameniambia hivi: "Miaka yote hii nimekusema nyuma ya ule ukuta. Ukivunjwa, nitakusemea wapi?"

Tulicheka mpaka mama mmoja wa kituoni akasogeza mkoba wake mbali nasi. Firoz hakucheka.

— Chekeni. Lakini siku alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki Tanga, sebule yangu ilikuwa imejaa wageni. Aliingia jikoni, akalia nyuma ya ule ukuta, akanawa uso, akaleta chai. Hakuna mgeni aliyejua. Mimi mwenyewe nilijua walipoondoka. Sasa huyu kijana anasema ukuta hauna kazi.

Njoroge aliacha kucheka, akaweka kikombe chini.

— Wacheni niwaambie kitu — alisema Njoroge. — Hao watu wa TV hawataki nyumba. Wanataka vita. Mimi hutazama. Mwenye nyumba anasema nataka kijani, akitekti anasema nakuwekea zambarau. Mwenye nyumba anafura, akitekti anafura, kamera inazunguka katikati kama refa. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili nyasi huumia. Hapa nyasi ni zulia lako, Tajiri.

— Zulia limeshatolewa.

— Unaona!

— Hapana, Geti, wewe unaona karibu — alisema Gervais, akainua kidole kama mhubiri. — Hii ni mambo ya roho. Muzungu anajenga ukuta inje, kati yake na jirani. Miaka kumi, jina ya jirani hajui. Roho inamusumbua. Sasa afanye nini? Kuenda kumusalimia jirani, anaona haya. Basi anaingia ndani ya nyumba yake, anavunja ukuta ya jikoni, ili ajisikie anaishi na watu.

— Lakini huu si ukuta wake — alisema Firoz. — Ni wangu. Na mimi jirani yangu namjua mpaka ugonjwa wake.

— Ndiyo maana anauonea wivu.

— Profesa, hiyo ni theolojia — alisema Njoroge. — Mimi nakupa ushahidi. Kazini tunasikia kila siku, ati uwanja wa Wembley utabomolewa, utajengwa mwingine mpya. Sasa jiulize, matofali ya uwanja mzima yatatoka wapi?

— Kiwandani — nilisema.

— Mzee, wewe ni mtu wa kuamini. Yatatoka jikoni! Leo ukuta wa Tajiri, kesho ukuta wa yule Mgujarati wa duka la dawa, kesho kutwa Harrow yote. Kila wiki kwenye TV wanavunja ukuta, wanavunja ukuta. Umewahi kuona matofali yanaenda wapi? Kamera haionyeshi! Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo siku moja nitakuwa nimekaa uwanjani natazama mpira — alisema Firoz — na nyuma ya goli ni jiko la Gulshan?

— Na mafuta yake bado yako kwenye tofali. Utanusa.

Hapo hata Firoz alicheka, akatumiminia tena, safari hii ndani ya vikombe. Nikaona nafasi ya kurudisha mazungumzo mahali pake.

— Firoz, wewe mwenyewe umegombana na huyu Bwana Allardyce?

— Kugombana? Wiki sita, Mzee! Ugomvi mkubwa.

— Tueleze tangu mwanzo — alisema Njoroge, akijiweka sawa. — Tusikie vita.

— Alikuja mara ya kwanza, akaugongagonga ukuta kama daktari, akasema huu utoke. Nilikasirika sana. Damu ilinipanda mpaka hapa. Nikamwambia karibu ukae. Gulshan akaleta chai na kachori.

— Kachori za nini?

— Za viazi. Na ukwaju.

— Endelea.

— Mara ya pili akaja na michoro. Kwenye mchoro, pale ukuta ulipokuwa, amechora bakuli la malimau. Nilikasirika zaidi ya mara ya kwanza. Nikaitazama ile michoro, nikasema, very good, very good. Lakini kachori sikumpa. Nilimpa mandazi ya jana.

Gervais alipiga mluzi.

— Ya jana? Uliyapasha moto?

— Sikuyapasha.

— Tajiri — alisema Njoroge taratibu — hiyo ilikuwa kali.

— Ngoja. Mara ya tatu alikuja na mwenye kamera. Kamera ikanitazama usoni. Kulian akasema, Firoz, umeufurahia mpango wetu? Nikasema, tutaona, Mungu akipenda. Halafu nikaenda jikoni mimi mwenyewe. Gulshan alikuwa pale pale, amesimama, hakushika hata kijiko. Nikarudi na biskuti.

— Biskuti! — Njoroge alisimama. — Za nyumbani?

— Za pakiti.

— Kwenye sahani?

— Kwenye pakiti.

Njoroge alikaa tena. Mimi nimeishi miaka mingi na watu wa Tanga, na sijapata kusikia mgeni akifanyiwa hivyo na mtu mwenye akili timamu. Gervais alivua kofia.

— Mzee Firoz, hapo ulimutukana mpaka ukoo.

— Nilijua. Usiku sikulala kwa aibu.

— Na yeye?

— Alikula nne! Akasema asante, akaniuliza nilizinunua wapi. Halafu akaweka tarehe ya kuvunja. Niambieni, mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Nimempa kila dalili. Nimebakiza kumfukuza kwa fimbo.

— Huyo ni jeuri — alisema Njoroge. — Ameelewa vizuri sana. Anajifanya.

— Wanasomea — alisema Gervais. — Kwenye shule yao ya kuchora nyumba, mwaka wa kwanza wote ni kukula biskuti bila kuona haya.

— Ndiyo maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta — alisema Firoz kwa uchungu. — Mimi nyufa za nyumba ile nimeziba zote kwa mkono wangu. Na bado wanavunja ukuta! Wahenga walinidanganya.

Nilitaka kumweleza kwamba wahenga hawakukusudia hivyo, lakini mlango wa duka la kufulia ulifunguka. Alitoka Célestine, shemeji yake Gervais, aliyefika kutoka Bukavu wiki ileile. Alikuwa akisubiri nguo zake ndani, na mlango ule haufungi vizuri, kwa hiyo alikuwa amesikia yote.

— Samahani, bazee. Naweza kuuliza kitu kimoja?

— Uliza, dada — alisema Njoroge. — Hapa tunajibu kila kitu.

— Ule muzungu, wakati mulimwambia kama hamutaki ukuta ivunjike, alijibu nini?

Njoroge alimtazama Gervais. Gervais alinitazama mimi. Sote tukamtazama Firoz, naye akatazama ndani ya kikombe chake.

— Kumwambia vipi? — alisema hatimaye.

— Kwa mudomo.

— Lakini ni mgeni! Amekaa kwenye kochi langu. Amekunywa chai yangu. Nitamwambiaje hapana nyumbani kwangu?

— Basi umwambie inje. Kwa barabara hapana mugeni wako.

Alirudi ndani kutazama mashine yake. Sisi wanaume wanne tulibaki tumekaa kama watu walionyang'anywa benchi.

— Barabarani — alisema Gervais polepole. — Ni kweli. Kwa barabara hakuna kochi.

— Jumatatu msubiri nje ya geti — alisema Njoroge. — Mimi kila siku nawakataza watu getini, na hakuna mgeni wangu hata mmoja. Unanyoosha mkono, unasema "No." Basi. Jaribu.

— Hapa? Watu watanionaje?

— Watu gani? Huyu Profesa? Simama bana!

Firoz alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaenda ukingoni mwa barabara. Akageuka kututazama, kama mtoto anayetumwa dukani mara ya kwanza. Nikamwambia jina lake ni Allardyce, alitaje vizuri. Akavuta pumzi, akanyoosha mkono wote mbele, akasema kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia:

— No, Mister Allardyce!

Basi namba 183 likasimama mbele yake. Mlango ukafunguka. Dereva, Mhindi mwenye kilemba cheupe, akamwashiria apande.

Firoz alimtazama dereva. Akatutazama sisi. Dereva akatabasamu, akangoja. Na Firoz, nasema nilichokiona kwa macho yangu, akamwambia asante sana, akapanda. Mlango ukafungwa, basi likaondoka naye kuelekea Golders Green, uso wake dirishani.

— Kwisha — alisema Njoroge. — Ukuta umekwenda.

— Na mama amekwenda — alisema Gervais.

Tulitaka kucheka, lakini nilifikiria lile sanduku lililo mlangoni, na nadhani nao walilifikiria. Gervais aliinua chupa ya kahawa, akaiinamisha juu ya kikombe chake. Lilitoka tone moja.

Tulikuwa bado tunabishana nani atakwenda kumwangalizia duka, ndipo tulipomwona. Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa kituo kinachofuata, koti wazi, anahema, anapunga mkono toka mbali.

— Nimemwambia! — alipiga kelele. — Nimemwambia!

— Nani?

— Dereva! Nilikaa, nikaona tunapita sokoni, nikajiuliza, Firoz, unakwenda wapi? Nikaenda mbele. Nikamwambia, hapana, bwana, mimi sitaki kwenda.

— Ukasema hapana? — aliuliza Njoroge. — Kwa mdomo?

— Kwa mdomo.

— Akakasirika?

— Hakukasirika.

— Alisemaje basi?

Firoz alifuta jasho. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango mzito na kukuta haukufungwa.

— Alisema, sawa, shuka.

— Basi?

— Basi.

Hakukaa. Alijipapasa mifuko, akatoa kadi ya msanifu, akaniletea nimsomee lile jina. Nikamsomea polepole: Crispin Allardyce. Akalirudia mara mbili, sawasawa, bila kosa. Kisha akavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha simu, akaingia, akavuta mlango nyuma yake.

Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeondoka.