Silvanus Mwakio, Aliyeandika Kwamba Chumba Chetu Kifungwe

Leo ni tarehe 5 Desemba 2025, na huu ni mwaka wa saba tangu niondoke Voi. Mwisho wa mwezi huu Bwana Silvanus Mwakio anastaafu, baada ya kuitumikia maktaba ya Chuo cha Tiba Ndara kwa miaka thelathini na mitatu. Mingi kati ya hiyo tulifanya kazi pamoja katika maktaba hiyo, pale Voi.

Alianza akiwa msaidizi wa kupanga vitabu, akapanda hadi mkutubi mkuu. Wanafunzi wa zamani watamkumbuka kwa mandazi. Aliyekamatwa akila katika chumba cha kusomea alinyang'anywa, kisha saa nne akaitwa ofisini ayamalize kwa chai. Mkuu mmoja wa chuo naye yalimpata hayo hayo.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 2018. Chuo kilikuwa kimeleta mfumo wa masomo ya mtandaoni uliounganishwa na maktaba ya kidijitali, naye akaagizwa aupime. Sote tulijua kwamba akiusifu, chumba cha kusomea kitafungwa na nafasi zetu zitafutwa. Hakugawa karatasi za maswali. Alipanda hadi zahanati za upande wa Wundanyi, ambako wanafunzi walikuwa kwenye mazoezi, akaketi kando yao wakitafuta habari kwenye mfumo huo. Mmoja wao, Koki, aliupata kwenye simu ukurasa wa kutibu sumu ya nyoka, mgonjwa akiwa bado kitandani. Zamani angengoja Jumamosi ateremke Voi, akute nakala yetu ya pekee imeazimwa.

Aliporudi, Alice wa dawati la kuazima alimkabili mbele yetu.

"Mzee Silvanus, si uandike tu mtandao unasumbua? Nani atakuja kuuliza?"

"Ulisumbua siku mbili, na nimeandika. Hizo zingine nizipeleke wapi?"

"Tia mfukoni! Mimi niko na watoto shuleni."

Hakutia mfukoni. Aliandika kwamba mfumo unafaa, na kwamba chumba hakihitajiki tena. Alice alirudi Mwatate bila kazi. Phineas, aliyejalidi vitabu vyetu, hakuajiriwa tena popote. Mimi nilihamishiwa Kitui. Silvanus alibakizwa ausimamie mfumo, na chuo kizima kikasema ametuuza. Tangu hapo chai ya saa nne aliinywa peke yake.

Voi hakupatikana mtu wa kuandika wasifu huu, ndipo nikaombwa mimi. Tathmini yake ilikuwa ya kweli, na wanafunzi walio mbali wanasoma kwa sababu yake. Kwamba ilituvunja, nalo ni kweli.

Ahsante, Bwana Mwakio. Tunakuombea afya na usingizi mtulivu huko Mboghoni, wewe na mkeo, Mama Margaret, kwenye migomba yenu.

Chuo kimemwomba aendelee kwa mkataba, na kimemtengea kiti cha mbele siku ya sherehe ya kumuaga. Amekataa vyote viwili. Funguo atamwachia bawabu. Hatarudi.